Filimbi Yenye Subira

Usiku wa Machi 12, 2009, Mtanzania Hasheem Thabeet alikuwa ndani ya Madison Square Garden jijini New York, amevaa jezi ya Chuo Kikuu cha Connecticut, katika mchezo uliokataa kwisha. Wapinzani walikuwa Syracuse. Muda wa kawaida haukutosha, ukaongezwa mara sita, na Syracuse wakaondoka na ushindi wa 127 kwa 117 saa ikiwa imeshapita saba usiku. Kwa Mtanzania anayependa kikapu, huo ni mchezo wa kuwasimulia wajukuu.

Lakini nusura umalizike mapema. Matokeo yakiwa 71 kwa 71, na sekunde moja na nukta kidogo tu imebaki, Syracuse walirusha pasi ndefu. Eric Devendorf akaupata mpira, akaachia mtupo wa pointi tatu, ukazama. Akaruka juu ya meza ya pembeni kushangilia, na nusu ya ukumbi ikashangilia naye. Waamuzi watatu wenye mashati ya milia wakajikusanya mezani, wakainamia skrini, wakatazama picha zikirudishwa polepole: saa imefika sifuri, mpira bado umegusa vidole vya kijana. Wakakifuta kikapu, mchezo ukaendelea kwa nyongeza baada ya nyongeza hadi wachezaji wakawa wanatembea badala ya kukimbia.

Sasa uuchukue mtupo huohuo uupeleke kwenye ukumbi wa sekondari yoyote ya Indiana au Ohio, Ijumaa jioni. Skrini ya kukimbilia haipo. Mara nyingi hata mwamuzi wa tatu hayupo. Refa mmoja ameyakazia macho mikono ya mpigaji huku masikio yake yakisubiri king'ora, na kabla hajamaliza kuvuta pumzi inabidi aamue, aonyeshe kwa mkono, kisha aelekee mlangoni asiangalie nyuma. Marefa wazoefu wa sekondari huegesha magari karibu na mlango wa nyuma, na si kwa uvivu.

Wale watatu wa New York walikuwa siku moja kama huyu wa Ijumaa. Mchezaji anayetoka sekondari kwenda chuo huandikwa magazetini, husaini barua mbele ya kamera, mama yake akilia pembeni. Refa anayefanya safari hiyohiyo haandikwi popote. Na safari yake, kwa maoni yangu, ni ngumu kuliko ya mchezaji, kwa sababu haifanani kabisa na kupandishwa cheo. Inafanana zaidi na kuacha kazi unayoheshimiwa ukaenda kupiga hodi kwenye nyumba ambayo hakuna anayekujua.

Huku kwetu mambo yamenyooka kidogo. Mwamuzi wa Dar es Salaam au Nairobi yuko chini ya shirikisho la nchi yake, anafanya mitihani, anapanda madaraja, na akiwa na bahati shirikisho linampendekeza apate leseni ya FIBA, shirikisho la kikapu la dunia. Kitabu cha sheria ni kimoja kuanzia mtaani hadi Olimpiki. Marekani hawana kitu hicho. Sekondari zina chombo chao cha taifa, NFHS, chenye makao Indianapolis, ambacho huandika sheria lakini huacha kila jimbo lijitawale kupitia chama chake. Vyuo vina NCAA yenye madaraja matatu, NAIA ya vyuo vidogo, na NJCAA ya vyuo vya miaka miwili. Refa akitaka kutoka upande mmoja kwenda mwingine hakuna ofisi inayompandisha. Cheti cha uamuzi wa sekondari, hata kiwe cha miaka 15 na fainali za jimbo juu yake, chuoni hakimpi haki ya kuamua hata mchezo mmoja.

Na hapa ndipo kichekesho kilipo. Sekondari za Marekani zina njaa ya waamuzi. NFHS wenyewe walitangaza kwamba takriban watu 50,000 waliacha uamuzi wa michezo ya sekondari kati ya msimu wa 2018-19 na wa 2021-22. Janga la korona lilichangia, na matusi ya wazazi jukwaani hayakusaidia. Kwa hiyo anayetaka kuanza leo hupokelewa kwa mikono miwili. Analipa ada ya usajili, anafanya mtihani wa sheria, ananunua shati la milia na filimbi, na kabla ya Krismasi ameshaanza kupangiwa michezo mitatu au minne kwa wiki: timu ya pili ya shule saa kumi na moja na nusu jioni, timu ya kwanza mara tu wanapomaliza. Anatafutwa kwa simu. Anabembelezwa.

Chuoni ni kinyume chake. Nafasi ni chache, wanaozitaka ni wengi, na aliye na ufunguo ni mtu mmoja. Kila konferensi, yaani kundi la vyuo vinavyocheza pamoja, huajiri mratibu wa waamuzi, na waratibu wengine hushika konferensi kadhaa kwa wakati mmoja. Yeye ndiye anayeamua nani afanye kazi Jumatano, wapi, na pamoja na nani. NCAA ina mtihani wake wa kila mwaka na masharti ya kuhudhuria semina, lakini kufaulu hayo ni kama kuwa na tiketi ya kusimama nje ya geti. Mratibu asipokujua, hupati kitu, na mahali pa kujulikana kwake ni kambi za waamuzi za majira ya joto.

Mazoea ya mkono

Wengi hudhani tofauti kubwa ni sheria. Sheria ni tofauti, tena sana, lakini hizo mtu husoma akazijua. Kinachosumbua ni mwili uliozoea.

Katika sekondari, timu inapopewa sekunde kumi kuvusha mpira nusu ya uwanja, refa huzihesabu kwa kupunga mkono, moja, mbili, tatu, watu wote wanaona. Chuoni saa ya mtupo ndiyo inayohesabu. Refa anaitupia jicho tu. Refa aliyepunga mkono kwa misimu kumi huanza kupunga bila kujitambua, na juu jukwaani mwangalizi anayempima anaandika. Katika sekondari pia mchezaji anayedunda mpira huku mlinzi amembana ndani ya futi sita huhesabiwa sekunde tano. Katika kikapu cha wanaume cha vyuo hesabu hiyo kwa anayedunda iliondolewa msimu wa 2015-16. Imebaki kwa aliyeushika mpira tu. Mkono unapanda wenyewe, tena mwangalizi anaandika.

Saa ya mtupo yenyewe ni mgeni kwa wengi. NFHS iliruhusu majimbo kutumia saa ya sekunde 35 kuanzia msimu wa 2022-23, na uamuzi ukabaki kwa kila jimbo. Kwa hiyo kuna refa mzuri kabisa mwenye nywele za mvi ambaye hajawahi kuamua mchezo wenye saa hiyo. Chuoni ni sekunde 30, na kwa wanaume timu ikiokota mpira uliogonga ringi ikiwa inashambulia, saa hurudishwa kwenye 20. Mtu wa mezani akikosea kuirudisha, anayelaumiwa ni refa, maana yeye ndiye aliyepaswa kuona.

Liko jambo jingine dogo linalonifurahisha. Mwaka 2023 sekondari ziliachana na ule utaratibu wa zamani ambao mchezaji hupewa mtupo huru mmoja, na akiufunga ndipo apewe wa pili. Sasa faulo za timu huhesabiwa kwa kila robo, na zikifika tano wapinzani wanapata mitupo miwili moja kwa moja. Vyuo vya wanawake vilikuwa vimekwishafanya hivyo tangu msimu wa 2015-16, vilipohamia robo nne za dakika kumi. Vyuo vya wanaume viliendelea na vipindi viwili vya dakika 20, na ule utaratibu wa zamani kuanzia faulo ya saba. Kijana aliyeanza uamuzi wa sekondari msimu wa 2023-24 anapopanda kwenda kwenye ligi ya wanaume anakuta huko juu kitu ambacho huko chini kimeshawekwa makumbusho.

Hapo pia pana njia panda. Uamuzi wa vyuo vya wanaume na wa wanawake ni dunia mbili: vitabu viwili vya sheria, ishara zinazotofautiana, waratibu wengine, kambi nyingine. Anayeanza hushauriwa achague mapema, na wengi huchagua wanaume kwa mazoea tu, bila kufikiri. Ni kosa, nionavyo mimi. Dee Kantner, mmoja wa wanawake wawili wa kwanza kuamua michezo ya NBA mwaka 1997 pamoja na Violet Palmer, alijenga jina lake kwenye kikapu cha wanawake wa vyuo na akaendelea kuamua huko miaka mingi baada ya NBA. Atakayesema huyo alishika njia ya pili hajui anachokisema.

Mgongano mmoja, majibu mawili

Tuutazame mgongano mmoja kwa karibu, kwa sababu humo ndimo elimu yote imejificha.

Mshambuliaji anakata kuelekea kwenye ringi kutoka pembeni. Mlinzi wa pili, ambaye hakuwa wake, anateleza kutoka upande wa pili kumziba njia. Wanagongana, mlinzi anaanguka chali, mpira unagonga ubao unaingia. Ukumbi mzima unapiga kelele, nusu ikitaka faulo ya mshambuliaji, nusu ikitaka ya mlinzi.

Katika sekondari refa anajiuliza: mlinzi alikuwa ameshapata nafasi yake halali kabla mshambuliaji hajaruka? Kama ndiyo, faulo ni ya mshambuliaji, kikapu hakihesabiwi. Katika chuo cha wanaume, tangu msimu wa 2023-24, swali limesogezwa nyuma kidogo: mlinzi lazima awe ameshasimama kabla mshambuliaji hajauweka chini mguu wake wa mwisho wa kurukia. Hiyo ni hatua moja, pengine theluthi moja ya sekunde. Zaidi ya hapo, chini ya ringi ya chuo umechorwa upinde wa futi nne, na mlinzi wa pili akiwa ndani ya upinde huo hawezi kudai alisukumwa. Sekondari hawana upinde.

Kwa hiyo refa anayefanya kazi pande zote mbili anaweza kuona mgongano uleule Jumanne na Jumatano, na awe sahihi mara zote mbili akitoa majibu yanayopingana. Miguu ya mlinzi, mguu wa mshambuliaji, upinde: macho yanatakiwa kuwa mahali patatu, na mpira si mmojawapo. Hilo ndilo somo la kwanza kambini. Mtazame mlinzi. Mpira una watu elfu saba wa kuutazama.

Tena hupulizi peke yako. Chuoni waamuzi ni watatu: mmoja mstari wa mwisho chini ya ringi, mmoja nyuma karibu na nusu ya uwanja, mmoja pembeni upande wa pili, na kila mmoja ana eneo lake. Refa wa sekondari aliyezoea kuwa wawili amezoea pia kuchunga uwanja mzima, na filimbi yake ina mkono mrefu. Akifika chuoni anapuliza kitu kilichotokea mbele ya mwenzake, mita kumi kutoka aliposimama. Hata akiwa amepatia, amekosea. Kuna aibu moja inayoogopwa kuliko zote: wawili wanapuliza pamoja, mmoja anaonyesha faulo ya mlinzi, mwingine ya mshambuliaji, mbele ya makocha wawili wenye midomo mirefu. Dawa yake ni kuinua ngumi juu na kungoja, umtazame mwenzako kwanza.

Kungoja ndiko hasa kunakomtenganisha refa wa chuo na wa sekondari. Wakufunzi wa huko wana kipimo chao cha vitu vinne: mdundo, kasi, mizani na wepesi wa mchezaji. Mguso umeviharibu? Ni faulo. Haujaviharibu? Uache upite. Kinachosubiriwa ni tukio lianze, likue, lifike mwisho, ndipo filimbi. Katika mchezo wa watoto wa miaka 15 mguso mdogo humwangusha mtu, kwa hiyo refa wa sekondari hujifunza kupuliza haraka ili mchezo usigeuke ugomvi. Akipanda anakutana na vijana wa miaka 22, wa kilo 110, wanaogongana mabega huku wakifunga. Akipuliza kila bega, mchezo unakufa mikononi mwake. Akiacha kila bega, atavunjika mtu. Baadhi ya miguso haina mjadala: mikono miwili kifuani kwa anayedunda mpira, au mkono uliowekwa kiunoni ukabaki hapo, hiyo ni faulo kokote, na vyuo vilikaza sana uzi huo msimu wa 2013-14. Mingine yote ni hukumu.

Na filimbi ya chuoni ina uzito wake wa pekee. Refa wa zamani kutoka Kanada, Ron Foxcroft, aliudhiwa na filimbi yenye kipira ndani iliyomgomea kwenye mashindano Brazil mwaka 1984, akatafuta mbunifu, na mwaka 1987 ikaingia sokoni Fox 40, filimbi isiyo na kipira ambayo leo iko shingoni kwa karibu kila mwamuzi. Baadaye refa wa NBA Mike Costabile akabuni mtambo unaoisikia filimbi hiyo: refa anavaa kifaa kiunoni, na akipuliza tu, saa ya mchezo inasimama yenyewe. Uzuri wake unaeleweka. Ubaya wake ni kwamba ile pumzi ya kubahatisha, ambayo kwenye ukumbi wa sekondari ungeifunika kwa kikohozi, hapa imeshasimamisha saa mbele ya televisheni.

Kambini

Tuseme refa wetu ni mwalimu wa hesabu, miaka 31, ana misimu saba ya sekondari. Ni Juni. Ameendesha gari saa tano kufika kwenye chuo ambako viwanja sita vimepangwa ubavu kwa ubavu, na timu za vijana za majira ya joto zinacheza toka asubuhi hadi usiku. Amelipa ada ya mamia ya dola kuwa hapo, chumba cha hoteli na petroli ni juu yake. Halipwi hata senti kwa michezo atakayoamua. Mtaka cha mvunguni sharti ainame, na huku kuinama kunatolewa risiti.

Kazi yake haianzi filimbi inapolia. Imeanza mlangoni. Suruali imepigwa pasi? Viatu vinang'aa? Shati limekaa ndani au linachomoka anapokimbia? Anakimbiaje? Anawapa mkono wenzake au amejitenga na simu? Wanaomtazama wamekaa juu ya viti vya jukwaa na karatasi mapajani, na baadhi yao ndio waratibu wenyewe. Mtu mwenye dakika 20 za kukuona, kati ya marefa 80, hutafuta kwanza sababu ya kukufuta.

Mapumziko yanapofika, mmoja anashuka.

"Ile faulo ya upande huu, ulipuliza nini?"

"Mkono."

"Mkono ulifanya nini?"

Mwalimu ananyamaza. Anajua mkono uligusa. Hajui mkono ulifanya nini. Kijana alikuwa ameshampita mlinzi, ana njia nyeupe kwenda kwenye ringi, na filimbi ikamrudisha nyuma kwenda kuuingiza mpira kutoka pembeni. Faulo ile ilimwadhibu aliyefanyiwa. Mwangalizi hamgombezi, anamwambia aitazame jioni kwenye video, kisha anaondoka kwenda uwanja wa nne.

Jioni darasani video zinaonyeshwa mbele ya wote. Kipande kinarudishwa mara sita. Anayeonyeshwa akijitetea kwa maneno mengi, darasa linamtazama kwa huruma. Akisema, "Ndiyo, nilipuliza mapema," wanasonga mbele. Ukitaka kujua kwa nini baadhi ya marefa bora wa sekondari hurudi nyumbani na kuapa kutorudi tena kambini, kaa kwenye darasa hilo saa moja. Mtu aliyekuwa simba katika wilaya yake anaambiwa na mtu asiyemjua kwamba anasimama vibaya.

Nina tatizo na utaratibu huu, na sitalificha. Anayefundisha ndiye anayetahini, ndiye anayeajiri, na mara nyingi ndiye mwenye kambi anayepokea ada. Hata kila mmoja wao awe mwaminifu, sura yake si nzuri. Mwenye familia changa na mshahara wa ualimu anaweza kumudu kambi moja kwa mwaka. Mwenye biashara yake anamudu nne, na anaonekana mara nne. Lakini kila nikifikiria badala yake, nakwama. Subira huwezi kuiandikia mtihani wa kuchagua herufi. Lazima mtu aketi akutazame ukiamua.

Mwalimu wetu akiwa na bahati, Septemba anapokea ujumbe: michezo miwili ya chuo cha miaka miwili, na mmoja wa Daraja la Tatu, yote Januari. Daraja la Tatu ni vyuo visivyotoa ufadhili wa michezo. Kumbi nyingi huko zina watazamaji wachache kuliko fainali ya sekondari ya jimbo lake. Ameondoka kwenye ukumbi wa watu elfu tano uliokuwa ukimfahamu kwa jina, amekuja kwenye ukumbi wa watu mia moja usiomfahamu, na analiita hilo kupanda. Na kweli ni kupanda. Kutoka hapo ngazi inaendelea hadi Daraja la Pili, kisha la Kwanza lenye vyuo zaidi ya 350, na wengi wa wanaoanza hawafiki huko kabisa.

Refa mwenye kampuni ya mapaa

Hata wanaofika, wengi huwa na kazi nyingine. Waamuzi wa vyuo si waajiriwa. Hulipwa kwa mchezo. Chini huko malipo hutosha chakula na petroli na kubakiza kidogo. Juu kabisa ni maelfu ya dola kwa usiku mmoja, ila hakuna pensheni, hakuna likizo ya ugonjwa, na kifundo cha mguu kikiteguka Desemba, mapato ya msimu yameteguka nacho. Ed Hightower aliamua katika wikendi ya mwisho ya NCAA, ile ya timu nne, mara 12, huku akiwa mkuu wa shule za wilaya ya Edwardsville jimboni Illinois. Gene Steratore alikuwa akiamua kikapu cha Daraja la Kwanza na wakati huohuo ni refa wa NFL, ligi ya mpira wa Kimarekani. Februari 2018 alisimamia Super Bowl, fainali ya ligi hiyo, na nyumbani Pennsylvania familia yake inauza vifaa vya usafi.

John Higgins wa Omaha alikuwa na kampuni ya kuezeka mapaa. Machi 26, 2017, jijini Memphis, aliamua mchezo ambao North Carolina waliwatoa Kentucky kwa 75 kwa 73, kwa mtupo wa Luke Maye sekunde za mwisho kabisa. Mashabiki wa Kentucky hawakumlaumu Maye. Waliitafuta kampuni ya Higgins mtandaoni, wakaishushia maoni ya uongo kuhusu mapaa ambayo hakuwahi kuyaezeka, na simu za matusi na vitisho zikamiminika kazini na nyumbani kwake. NCAA walimpanga kuamua wiki iliyofuata kwenye mchuano wa timu nne, na akaenda. Baadaye yeye na mkewe walikishtaki chombo kimoja cha habari za michezo cha Kentucky, wakidai kilichochea moto. Mahakama ya shirikisho iliitupa kesi mwaka 2019, ikaona kilichosemwa kililindwa na uhuru wa kusema.

Nimelisimulia kisa hiki si kumtisha mtu. Mzazi wa sekondari anayekufokea yuko mita nne kutoka kwako na unaijua sura yake. Pengine mwanao na mwanawe wako darasa moja, na Jumapili mtakutana kanisani. Shabiki wa chuo kikubwa yuko majimbo matatu mbali, hana sura, na amepata namba ya ofisi yako. Kambi hufundisha miguu na macho. Sijaona kambi inayofundisha nini cha kumwambia katibu wako anayepokea simu hizo.

Kwa mwalimu wetu hayo bado yako mbali. Shida yake ni kalenda. Sekondari nyingi hucheza Jumanne na Ijumaa, vyuo vingi vya Daraja la Tatu Jumatano na Jumamosi, na mwanzoni anaweza kuvila vyote viwili, akimwachia mkewe watoto jioni nne kwa wiki. Msimu wa tatu au wa nne vinaanza kugongana. Chuo kinampigia simu kwa ajili ya Jumanne, na Jumanne ana mchezo wa sekondari alioukubali tangu Agosti.

Kuna desturi isiyoandikwa popote ambayo kila refa anaijua: kurudisha mchezo ili uende kwenye mkubwa zaidi huvumiliwa, ukitoa taarifa mapema, kuurudisha ili uende kwenye mwingine wa kiwango kilekile ni utovu wa adabu, na kufanya hivyo siku mbili kabla kunakufutia jina. Baadhi ya majimbo pia hudai idadi fulani ya michezo ya sekondari kabla ya kumpa mtu nafasi katika mashindano ya jimbo, kwa hiyo kila Jumanne anayoirudisha inamsogeza mbali na fainali ambayo miaka saba iliyopita ndiyo ilikuwa ndoto yake. Wengi huirudisha Jumanne hiyo. Mpangaji wa sekondari anaguna, anafungua orodha yake, anaanza kupiga simu moja baada ya nyingine, na kwa upungufu uliopo, anayepokea na kusema yuko tayari mara nyingi ni kijana aliyepata leseni Oktoba iliyopita.